Jina la mtoto: tunachagua au tunakimbia?

Hivi karibuni alinijia ndugu mmoja mwenye karasha huko Katoro, mkoani Geita. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Siku ya nne ilikuwa imeingia na mbuzi wa akika alikwishanunuliwa. Ndugu huyo alitoa mfukoni kikaratasi chenye majina matatu: Chantal, Claudine na Aimée. "Ustadh," akasema, "wewe umesoma. Tuchagulie moja hapa, siku ya saba isitukute hatuna jina."

Majina ya Kifaransa si mageni huku kwetu. Malori yanayokwenda Rwanda na Burundi hupita Kahama na Ushirombo kila siku, na bandari kavu ya Isaka iliwekwa kwa ajili ya mizigo ya nchi hizo. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na 1993 walikuja na watoto wao na majina yao. Muziki wa Kongo tumeusikiliza tangu utotoni. Tena mapadri wa White Fathers, shirika lililoanzishwa na Mfaransa Lavigerie mwaka 1868, walifika kwenye ziwa letu kabla ya Mjerumani kuitawala nchi hii. Basi mzazi wa Katoro akilipenda jina la Chantal, hajaliokota mbali.

Huenda msomaji anategemea kuwa nilimjibu kwa neno moja: haramu. Sikumjibu hivyo, kwa sababu dini haikusema hivyo. Ibrahim, Musa, Isa na Maryam ni majina tunayoyaona kuwa ya Kiislamu kabisa, lakini asili yake si Kiarabu. Maria, yule mama aliyetoka Misri na kumzalia Mtume (s.a.w.) mtoto wake Ibrahim, alibaki na jina lake hadi kufa. Kwa upande mwingine, Imam Muslim amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alimkuta binti wa Umar (r.a.) akiitwa Asiya, jina la Kiarabu safi, akalibadilisha na kumwita Jamila. Kwa nini? Kwa sababu Asiya huyo, kwa herufi za ain na swad, maana yake ni mwanamke muasi. (Wenye mabinti wanaoitwa Asia wasishtuke. Asiya mke wa Firauni ni jina jingine kwa herufi zake, ingawa sisi Waswahili tunayatamka mamoja.)

Kwa hiyo Uarabu wa jina haukulinusuru lile, wala ugeni wa jina haukulidhuru hili. Kilichotazamwa ni maana.

Basi tukakaa na kile kikaratasi. Claudine linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kilema, mtu anayechechemea. Yule bwana alishtuka, maana alidhani ni jina la maua. Chantal wengi hudhani ni wimbo, kwa sababu linafanana na neno la Kifaransa la kuimba, lakini asili yake ni jina la mahali, na maana yake ni jiwe. Aimée maana yake ni aliyependwa, yaani Habiba.

Kabla hatujamcheka ndugu huyu, tujitazame wenyewe. Ni wangapi miongoni mwetu wanaitwa Shida, Tabu, Mashaka na Sikujua? Kwa Kisukuma tuna Makoye, nayo ni shida hizo hizo. Mzazi alipatwa na dhiki mwaka mmoja, mtoto akaibeba miaka sitini. Qur'an (49:11) imetukataza kuitana kwa majina mabaya, nasi huyatoa wenyewe siku ya furaha. Bukhari amepokea habari za mzee aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, ambaye Mtume (s.a.w.) alimtaka ajiite Sahl, wepesi. Mzee akakataa kuacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, alikuja kusema kuwa ugumu ule haukuwatoka katika ukoo.

Hapo ningeweza kumwambia achukue Aimée, akaenda zake. Lakini nilimuuliza swali moja: mama wa mtoto anataka jina gani? Akainamisha kichwa. Mkewe alitaka mtoto aitwe Milembe, jina la mama yake. "Ustadh, wewe unajua mambo ya huku," akasema. "Kwenye ofisi za migodini ukiitwa Milembe au Mwajuma, wanakuona ni wa kupika na kufagia. Ukiitwa Chantal wanakuvutia kiti."

Ndugu zangu, suala zima liko hapa. Bwana huyu hakuwa anatafuta jina zuri, kwani zuri lilikwishapatikana. Milembe ni amani, ndiyo Salama yetu. Alikuwa anamkimbia mama mkwe wake, anakikimbia Kisukuma, anamkimbia Mwajuma. Alitaka mtoto wa siku nne amsaidie kukimbia.

Nisijifanye msafi. Babu yangu aliitwa Mabula, aliyezaliwa wakati wa mvua. Nilipokwenda chuo kikuu, wenzangu wa pwani walikuwa na mzaha mwingi juu ya Wasukuma, nikaliacha jina la babu na kuandika yale mawili ya Kiarabu tu. Nilijiambia kuwa ni kwa ajili ya dini. Haikuwa dini, ilikuwa aibu. Jina la Mabula halina ushirikina wala tusi ndani yake. Mvua ni rehema ya Allah (s.w.). Basi nami nilikimbia, ila nilikimbilia upande mwingine.

Wapo watakaosema dawa ni kupiga marufuku. Mobutu alijaribu. Mwaka 1972 aliwakataza Wazaire majina ya Kizungu, naye aliyebatizwa Joseph-Désiré akajiita Sese Seko. Mwaka 1997 aliondolewa madarakani na mtu aliyeitwa Laurent-Désiré Kabila. Amri iliyafuta majina kwenye vitambulisho, mioyoni hayakufutika. Wafaransa wenyewe walikuwa na sheria tangu mwaka 1803 iliyombana mzazi kuchagua jina katika kalenda na historia ya kale tu, na hawakuiachia hasa hadi mwaka 1993. Sisi hakuna anayetubana. Uhuru huo unatupa jukumu la kujiuliza kwa nini tunachagua tunachochagua.

Tena hoja ya kiti tusiipuuze. Kama ni kweli binti anapimwa kwa jina kabla hajafungua mdomo, dhulma ni ya anayepima. Kumbadilisha mtoto jina hakuiondoi dhulma hiyo. Chantal akivutiwa kiti, Mwajuma aliye nyuma yake bado amesimama. Na huyo Chantal atafundishwa mapema kuwa bibi yake ni kitu cha kufichwa. Kinachomfikisha mtoto ofisini ni ada ya shule, daftari na mzazi anayekagua daftari hilo jioni. Hayo ndiyo yaliyo mikononi mwa mwenye karasha.

Kwa hiyo mzazi ajiulize mambo matatu. Maana ya jina ni nini, kwa kuuliza wanaojua, si kwa kudhani? Je, lina utumwa kwa asiyekuwa Allah, kibri au tusi? Na la tatu ambalo hatuliulizi: ninalitaka kwa kuwa ninalipenda, au kwa kuwa ninamwonea aibu aliyenizaa? Jina la Kifaransa linaweza kuvuka maswali yote matatu. Jina la Kiarabu nalo linaweza kukwama katika la tatu, kama lilivyokwama langu.

Nilimrudishia kikaratasi chake bila kuweka alama. Siku ya saba nilialikwa kwenye akika. Mtoto aliitwa Milembe, na bibi yake alilia mbele ya watu. Baba bado humwita Aimée anapombeba. Sioni ubaya, kwa kuwa maana yake ni aliyependwa, naye amependwa kweli.

Allah (s.w.) atujaalie watoto wema, na atutoe aibu isiyo na sababu. Amin.