Kunaswa na Kunasuliwa

Miaka michache iliyopita nilihubiri juu ya madeni. Mikopo ambayo watu wameipa jina la "kausha damu" ilikuwa imeingia karibu kila mtaa wa usharika wetu, nami nilitaka kuwaonya Wakristo. Nikasema kwa sauti kubwa, "Anayekwenda kukopa huko amejitia kitanzi mwenyewe, asimlaumu mtu." Wengi waliitikia "Amina."

Baada ya ibada mama mmoja alinifuata ofisini. Hakuketi. Alisema taratibu, "Mchungaji, mimi sikujitia. Nilinaswa." Kisha akaondoka, na Jumapili mbili zilizofuata sikumwona kanisani.

Wapendwa, kati ya "kujitia" na "kunaswa" pana swali zito la imani. Anayejitia ametenda. Anayenaswa ametendwa. Je, mtu aliyenaswa ana hatia? Na sisi tunaomtazama tuna wajibu gani?

Kiswahili kina maneno mengi ya mitego, na kila moja lina kazi yake. Shimo hufunikwa majani. Anayetumbukia humo hakutamani kitu, alikuwa akipita njia yake. Chambo humvuta mwenye njaa. Hapo tamaa inahusika, ingawa njaa yenyewe si dhambi. Tanzi huzidi kukaza kadiri aliyenaswa anavyovuta. Ulimbo ni utomvu unaonata. Ndege akitua juu yake hunaswa miguu, na akipiga mabawa ili ajitoe, mabawa nayo hunata. Wavu hauchagui, hukokota wengi pamoja. Na mtego wa panya, wazee walisema, huingia waliokuwamo na wasiokuwamo.

Nilikwenda nyumbani kwa mama yule kumwomba msamaha. Alinisimulia, na ameniruhusu niandike. Mtoto wake alikuwa amelazwa, na fedha zilihitajika siku ileile. Aliyemkopesha hakuuliza maswali mengi, alitaka tu kadi ya benki iwe dhamana. Hicho kilikuwa chambo, na njaa yake ilikuwa uhai wa mtoto. Wiki ya tatu alishindwa rejesho, akakopa kwingine ili alipe huku. Hilo lilikuwa tanzi. Mumewe hakujua, naye akaanza kumficha, uongo mmoja ukadai mwingine. Huo ulikuwa ulimbo.

Hapo alinyamaza kidogo, akasema, "Lakini uongo ule ni wangu, Mchungaji. Huo hakunitegea mtu."

Maneno hayo yalinifundisha. Nilipomwambia kwamba yote ni kosa lake, alijitetea. Nilipomsikiliza, yeye mwenyewe alitenganisha alichotendewa na alichotenda, akatubu kile kilicho chake. Toba ya kweli huhitaji maneno ya kweli. Ukimbebesha mtu hatia isiyo yake, unamzuia asiione ile iliyo yake.

Mwaka 1525 Martin Luther aliandika kitabu kumjibu Erasmus, akisema kwamba mbele za Mungu utashi wa mwanadamu umefungwa, hauwezi kujiokoa. Wengine husikia fundisho hilo kama kisingizio: kama nimefungwa, basi sina kosa. Sivyo alivyofundisha. Dhambi hutushika, nasi huitenda kwa kuipenda; tumefungwa na bado tunawajibika. Mama yule alilieleza jambo hili kwa sentensi moja kuliko nilivyolieleza mimi kwa miaka mingi ya kuhubiri.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo alisita kulisema. Sehemu ya mkopo wa pili ilikuwa ya kumalizia ahadi yake ya ujenzi, maana majina ya waliokuwa hawajamaliza yalikuwa yakisomwa mbele ya ibada. Nilishusha macho. Orodha ile niliisoma mimi.

Katika Agano Jipya neno tunalolisoma "kikwazo" ni skandalon kwa Kigiriki. Asili yake ni kile kijiti cha mtego kinachoshika chambo. Mnyama akikigusa, mtego hufyatuka. Yesu alimwita Petro kikwazo, rafiki yake aliyempenda. Na katika Mathayo 18 maneno yake makali ni kwa yule anayewakosesha wadogo. Basi mtego hauna mwindaji mmoja tu. Mtu mwema anaweza kuwa kijiti chake, na usharika unaweza kuwa uzi katika wavu.

Lakini lugha yetu ina neema ndani yake. Tunanasa, na tunanasua. Tunatega, na tunategua. Tunafunga, na tunafungua. Kila mtego una neno la kuuondoa. Ni kweli pia tunasema "kujinasua," hasa kwa timu ya mpira iliyo mkiani mwa ligi. Ila ndege aliye kwenye ulimbo anahitaji mkono wa mwingine. Waliopita kipaimara wanakumbuka maelezo ya Katekisimo Ndogo juu ya sehemu ya tatu ya Imani: kwa akili na nguvu zetu wenyewe hatuwezi kumjia Kristo. Roho Mtakatifu ndiye anayetuita.

Hata hivyo, tazama kaburini kwa Lazaro, katika Yohana 11. Kumfufua ilikuwa kazi ya Yesu peke yake. Lakini Lazaro alitoka akiwa bado amefungwa sanda, na kazi ya kumfungua Yesu aliwaachia watu waliosimama pale. Hakuwauliza kama Lazaro alistahili. Nadhani huo ndio wajibu wetu: Kristo huita, sisi tunafungua mafundo.

Baraza la wazee lilikubali kuacha kusoma majina. Akina mama wawili walimsindikiza mwenzao kwa mkopeshaji, wakahesabu deni pamoja, wakapanga namna ya kulipa na kurudishiwa kadi yake. Mumewe aliambiwa, na siku ile nilikuwapo. Haikuwa siku rahisi.

Deni halijaisha. Lakini amerudi kanisani, nami nimejifunza kutega sikio kabla ya kuhubiri juu ya mitego. Wewe unayesoma, kabla hujasema jirani yako amejitia, nenda kamuulize. Yamkini mkono wako ndio anaoungoja.