Ukingo wa Dari



Kumbukumbu la Torati 22:8 haisikiki mara nyingi mimbarani. Hapo ajengaye nyumba mpya aliagizwa aizungushie dari ukuta mdogo, ili asiwe na hatia ya damu mtu akianguka. Dari za Waisraeli zilikuwa tambarare, nao walizitumia: Rahabu alianika mabua ya kitani huko, na Petro alipanda darini Yafa kusali.

Nasi siku hizi tunajenga ghorofa, na twahamia kabla roshani haijatiwa vyuma. Twasema fedha hazijapatikana, ilhali vigae vya sebuleni vinang'aa. Mtoto atambaaye hangoji fedha.

Tumwambie fundi vyuma visimame wima, maana vilivyolala ni ngazi kwa mtoto. (Yale maua ya chuma yapendezayo, nayo hupandwa vilevile.) Nafasi kati yake isizidi sentimeta 10, kichwa kisipenye. Kimo kisipungue mita 1. Nguzo zishikwe na zege, si plasta. Na karibu na bahari tukwangue kutu mapema.

Torati haikuuliza aangukaye ni mwana, mgeni au mwizi. Wala haikusema malaika watamdaka; kazi ilipewa mwenye nyumba. Mfalme Ahazia alianguka orofani Samaria kwa kupenya kimia cha dirisha, naye hakukosa mafundi.

Na tulio na vyumba vya kupangisha juu: mpangaji hana ruhusa ya kutoboa zege letu. Vyuma hivyo vinatudai sisi.