Je, Yafaa Kuitia Rangi ya Mnyama Mmoja Ndani ya Mwingine?

Liko suala waulizanalo vijana wetu wasomao sayansi, nalo halifai kujibiwa kwa hasira: je, mwanadamu ana ruhusa ya kutwaa kitu katika umbile la mnyama mmoja akakitia katika umbile la mwingine?

Kwanza tuyajue mambo yenyewe. Yuko yavuyavu katika bahari ya magharibi ya Marekani ambaye ukingo wa mwili wake hung'aa kijani. Mwaka 1962 Osamu Shimomura, Mjapani, aliieleza protini yenye rangi hiyo, baada ya kuwakamua yavuyavu kwa maelfu. Protini hii haiwaki yenyewe. Hupokea mwanga wa buluu ikaurudisha kijani. Mwaka 1994 Martin Chalfie alionyesha kwamba asili yake ikitiwa katika kiumbe kingine, nacho hung'aa. Wao wawili, pamoja na Roger Tsien, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Sasa zitazameni njia mbili za ilimu hiyo moja. Tangu mwisho wa mwaka 2003 Wamarekani wameuziwa samaki wa kufugwa nyumbani, waliotiwa rangi za namna hii ili wapendeze macho tu. Na huko Bristol, Uingereza, Wendy Gibson na wenziwe walivitia rangi vijidudu vya jamii iletayo nagana na malale, vingine nyekundu na vingine kijani, wakaviingiza katika mbung'o. Walipotazama kwa darubini waliona vipya vya manjano. Hiyo ni dalili ionekanayo kwa macho kuwa vijidudu hivyo huzaana ndani ya mbung'o. Na vizaanapo, vyaweza kurithishana sifa, hata ile ya kushinda dawa.

Mfugaji wa nyanda za chini za Meru na Embu, kandokando ya Hifadhi ya Meru na ile ya Mwea, amjua mbung'o kwa msiba wake. Ng'ombe hukonda, maziwa hukatika, mwisho hufa. Kwake yeye habari hii si mchezo.

Wako wasemao kuwa zote mbili ni kugeuza maumbile ya Mungu, basi zote ni haramu. Walakini mbona twala embe za miti ya kubebesha, na nyumbu twampakiza mizigo? Wengine nao husema kila liwezekanalo ni halali. Hawa wamepotea zaidi, kwani uwezo si hoja.

Wanazuoni wetu hulipima jambo kwa kusudi lake, na kwa madhara liondoalo au liletalo. Kumgeuza kiumbe kwa ajili ya pambo la sebuleni ni kuichezea amana. Kukigeuza kijidudu ili maradhi yajulikane ni haja iliyo wazi, maadamu mnyama haadhibiwi bure, wala kilichogeuzwa hakiachwi kitoke ovyo.

Lakini sharti moja husahauliwa: faida imfikie aliyedhurika. Ilimu ya mbung'o ikikoma katika darubini za Ulaya, na ng'ombe wa Meru akaendelea kufa, amana haijatimizwa. Basi vijana wetu na waisome, wapate kuitimiza.