Mwenye Chombo Ndiye Atakayeulizwa

Ndugu msomaji, ukimtazama mama akichambua mchele uwani utaona kazi yake si ngumu, kwa sababu kila kitu kina sura yake. Kijiwe chajulikana, chuya zajulikana, na punje njema zajulikana. Lakini lau ataambiwa: "Katika uteo huu mna mchele wa mashamba saba, umechanganyika, wote rangi moja na urefu mmoja, nitolee wa shamba moja tu," hapana shaka atacheka, kisha atauweka uteo chini.

Kazi mfano wa hiyo ndiyo iliyowashughulisha mabingwa wa madini kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1787 afisa mmoja wa jeshi la Sweden, Carl Axel Arrhenius, aliokota jiwe jeusi, zito, katika machimbo ya kijiji cha Ytterby. Mwaka 1794 mtaalamu Johan Gadolin akalichunguza jiwe hilo, akaona ndani yake udongo wa namna mpya. Katika jiwe lile na mengine ya jamii yake zikaja kupatikana, moja baada ya moja, zile ziitwazo metali adimu, nazo kwa jumla ni 17. Nne kati yake zina majina yatokanayo na kijiji hicho kidogo. Kuitwa adimu kusikudanganye, kwani nyingi yake si chache ardhini. Taabu yake ni kuwa zakaa pamoja, na zafanana tabia hata tindikali haizibagui kwa wepesi. Charles James, aliyefanya kazi Marekani, alieleza mwaka 1911 kuwa ili kuipata thuliamu safi alirudia kuyeyusha na kugandisha kiasi cha mara 15,000. Leo viwandani hupitishwa katika matangi mengi mfululizo ya tindikali na mafuta, na kila tangi hutenganisha kidogo tu.

Sasa imepatikana njia nyingine ya kuchambua, nayo ni nuru. Chukua metali iitwayo iterbiamu. Ukiisafisha hata ikawa peke yake, bado ndani yake mna aina 7 za atomu zisizooza, zinazopitana kwa uzito tu. Moja yao, yenye uzito wa 176, ni kama 13 katika kila 100. Tindikali haiwezi kuitoa, kwani mbele ya tindikali zote saba ni kitu kimoja. Lakini kila aina yapokea nuru kwa rangi yake, na tofauti ya rangi kati ya jirani na jirani huweza kuwa takriban sehemu 2 katika milioni. Basi metali huchemshwa ndani ya chombo kisichokuwa na hewa mpaka ikawa mvuke, kisha hupigwa kwa miali ya leza iliyolinganishwa sawasawa na ile aina moja. Ile iliyoguswa huchajika umeme, ikavutwa kando; nyingine hupita kana kwamba hazikuona kitu.

Faida yake nini? Iterbiamu hiyo ya 176 ikitiwa katika tanuri la nyuklia huzaa lutetiamu ya 177, na hii ni dawa. Hufungwa pamoja na kitu kinachojua kuitafuta saratani mwilini, ikaenda kuiunguza pale pale ilipo, na nguvu zake hupungua nusu kila baada ya siku 6 na ushei. Marekani iliikubali kwa uvimbe fulani wa tumbo mwaka 2018, na kwa saratani ya tezi dume mwaka 2022. Kwa miaka mingi iterbiamu hiyo ilitolewa polepole kwa mitambo ya sumaku, na leza imetarajiwa kuwapunguzia wagonjwa kungoja. Ni nani katika sisi asiye na mzee aliyeondoka kwa maradhi haya?

Lakini njia hiyo hiyo ya nuru yaweza kuichambua urani, na urani ikichambuliwa vya kutosha huwa bomu. Mwaka 2004 Korea ya Kusini ililiambia Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kuwa mwaka 2000 wanasayansi wake waliichambua urani kidogo sana kwa leza bila ya kutoa taarifa. Mitambo yenyewe ilikuwa katika kazi ya kutenganisha metali nyingine, na miongoni mwake ni gadoliniamu, metali adimu iliyopewa jina la yule Gadolin. Hebu zingatia: chumba ni kile kile na nuru ni ile ile; kilichobadilika ni kile kilichotiwa ndani, na nia ya aliyekitia.

Hapo watu hugawanyika makundi mawili. Wako wasemao: elimu hii ni ya shari, na ifungiwe mlango. Hawa wamewasahau wagonjwa. Wako wengine wasemao: chombo hakina hatia, na sisi tulio wataalamu twatengeneza chombo tu. Hawa wamesema nusu ya kweli, na nusu ya kweli hupoteza watu wengi. Ni kweli chombo hakina hatia. Lakini kutokuwa na hatia kwa kisu hakumwondolei hatia aliyekishika. Bali kwa kuwa kisu hakina nia, nia yote imebaki kwake, na hisabu yote ni yake. Kadiri chombo kilivyo na nguvu, ndivyo amana ilivyo nzito.

Huenda ukaniuliza: mafakihi wetu hawakusema kuwa kuondoa madhara hutangulizwa kuliko kuleta manufaa? Wamesema. Lakini msingi huo wataka kupima: madhara makubwa kiasi gani, na yaweza kuzuiwa au hayawezi? Shari ya leza yaweza kuzuiwa kwa kukaguliwa na kutolewa taarifa. Kwa hivyo lililo wajibu hapa ni kuiweka nuru hiyo mbele ya macho ya watu. Na hapa pana kipimo kinachomfaa kila mtu. Ukijiona wataka kulificha jambo kwa wale litakaowagusa, basi moyo wako umekwisha kukujibu.

Lipo jingine, nalo latuhusu zaidi. Chumba cha leza ni kisafi, hakina moshi wala harufu. Lakini nyumba njema si mlango. Metali iliyoingia humo imechimbwa mahali, ikasagwa, ikapita katika tindikali, na taka zake zimebaki kwa watu fulani. Leza haikuyaondoa hayo. Kule Bukit Merah, katika jimbo la Perak nchini Malaysia, kiwanda cha metali hizi kilianza kazi mwaka 1982, na taka zake zilikuwa na thoriamu, yenye mnururisho. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 1985. Mwaka 1992 wakashinda, mwaka 1993 mahakama ya juu ikaipindua hukumu, na mwaka 1994 kampuni yenyewe ikafunga. Kiwanda kiliondoka, na kazi ya kuzisafisha taka zile ilichukua miaka mingi baadaye.

Wala usidhani khabari hizi ni za mbali. Hapa kwetu Kwale, kilima cha Mrima kina niobiamu na metali adimu, na juu yake pana msitu wa kaya ya Wadigo. Mwaka 2013 Serikali ya Kenya iliifuta leseni ya kampuni iliyotaka kuchimba. Kampuni ikashitaki kwa waamuzi wa kimataifa, na mwaka 2018 ikashindwa, kwani waamuzi waliona leseni ile haikuwa halali; masharti ya kulinda mazingira hayakutimizwa.

Madini yale yako pale pale, na watakaoyataka watakuja tena. Huenda wakaja na maneno mazuri ya mitambo safi na dawa za wagonjwa, na huenda mengi yakawa ya kweli. Basi tusiwafukuze kwa ujinga wala tusiwapokee kwa tamaa. Tuwaulize: taka zitakaa wapi, na kwa miaka mingapi? Ni nani atakayezilinda ninyi mkishaondoka? Na wenye kukaa pale wameambiwa, wakafahamu, wakaridhia?

Mwanadamu amepewa akili ya kupambanua atomu na atomu kwa tofauti ya sehemu 2 katika milioni. Itakuwa aibu kubwa akishindwa kupambanua faida yake na madhara ya jirani yake, ambayo hayahitaji leza kuonekana.

Wabillahi tawfiq.