Je, Kitu cha Bure Kina Deni?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakutuambia, hata hivyo, kama ahadi isiyotamkwa nayo ni deni, wala kama mtu agawaye kitu bure aweza kudaiwa na yule aliyegawiwa. Maswali hayo mawili yalinijia kwa pamoja mwezi wa Juni 2023, na tangu hapo sijaweza kuyaweka kando.

Kwanza nieleze kazi yenyewe. Mimi ni mmoja wa watu wachache wanaotunza kiunzi cha lugha ya JavaScript, yaani mkusanyiko wa sehemu zilizokwisha kuandaliwa, ambazo waandishi wa programu huzitumia ili wasianze kila kitu upya. Hatulipwi. Sehemu yangu ni ile isiyoonekana: zana za ujenzi, ambazo huyachukua maandishi ya mwandishi na kuyageuza kuwa programu iliyo tayari kutumika. Zana hizo huendeshwa juu ya Node.js, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, ambayo huiwezesha JavaScript kufanya kazi nje ya kivinjari. Node.js nayo haikai mahali pamoja. Kwa utaratibu wa miaka ile, toleo lenye namba shufwa lilitunzwa kwa kawaida miaka mitatu, kisha likaachwa. Kazi yangu ni kuamua kiunzi chetu kiendelee kuyakubali matoleo yapi, kiyaache yapi, na lini.

Usiku mmoja nilikuwa nikisafisha maandishi ya zana zetu. Mahali fulani nikaandika alama tatu tu, ??=, ambazo ni njia fupi ya kusema: kama hapa hapana kitu, weka hiki. Node.js 14 haizielewi alama hizo. Nililijua hilo, lakini sikulijali, kwa kuwa muda wa Node.js 14 ulikwisha tarehe 30 Aprili 2023. Nikatoa toleo dogo la kiunzi, nikazima kompyuta, nikalala.

Siku ya pili nikapata barua pepe kutoka kwa kijana anayetunza programu ya kumbukumbu za zahanati moja. Aliandika hivi: "Ndugu, samahani kwa usumbufu. Tangu jana programu yetu haijengeki. Sisi hatujabadilisha chochote kwenye zana. Je, kuna kitu mmebadilisha ninyi?" Walikuwa wamerekebisha kosa katika hesabu ya dawa, nao hawakuweza kuyaweka marekebisho hayo kazini. Wauguzi walirudi kuhesabu dawa kwa daftari.

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa fupi: toleo lenu limekwisha muda, hamieni jipya. Lilikuwa jibu la kweli, na halikumsaidia kitu. Kompyuta yao kuu iliendeshwa na CentOS 7. Node.js 16 ingekubali kukaa juu yake, lakini ilikwisha kutangazwa kwamba nayo ingeachwa tarehe 11 Septemba 2023, kwa sababu OpenSSL 1.1.1, ambayo iliitegemea kwa kazi ya usimbaji wa siri, ilikuwa ikiachwa siku hiyo hiyo. Node.js 18, kama ilivyotolewa na watengenezaji wake, ilidai mfumo mpya zaidi chini yake. Basi nilikuwa namwambia kijana huyu ama ahamie chumba kitakachobomolewa baada ya miezi mitatu, ama ajenge nyumba nzima upya. Yote hayo kwa ajili ya alama zangu tatu.

Je, nilikuwa na kosa? Leseni ya kiunzi chetu inasema wazi kwamba kazi hii inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Kwa sheria, hanidai. Lakini sheria na dhamiri hazikai nyumba moja. Mwezi wa Machi 2016 mwandishi mmoja aliiondoa programu yake iitwayo left-pad katika ghala la npm. Ilikuwa na mistari 11 tu, na ilikuwa mali yake. Hata hivyo ujenzi wa programu nyingi duniani ulikwama, mpaka npm wakairudisha. Haki alikuwa nayo. Na watu waliokwama walikuwapo pia. Nadhani atoaye bure hadaiwi kuendelea kutoa. Anadaiwa jambo jingine: asiwaache watu waegemee ukuta, kisha auondoe usiku.

Nami niliwaachia waegemee. Katika desturi yetu kila toleo huwa na namba tatu. Ya kwanza ikibadilika, maana yake ni: tahadhari, huenda kitu chako kikavunjika. Mbili za nyuma zikibadilika, maana yake ni: chukua bila hofu. Kompyuta ya zahanati ilichukua toleo langu yenyewe, kwa kuiamini namba hiyo. Hapa ndipo nilipojibiwa swali langu la kwanza. Ile ahadi niliyodhani haikutamkwa ilikuwa imetamkwa, kwa tarakimu, na mimi ndiye niliyeitamka.

Lakini msomaji asidhani kwamba wema ni kuyabeba matoleo ya zamani milele. Nilijaribiwa kufanya hivyo kwa haya. Kila toleo tunalolikubali ni lazima lijaribiwe kila tunapobadilisha jambo, na sisi ni wachache. Isitoshe, toleo lililoachwa halizibwi tena matundu yake ya usalama. Ndani ya kompyuta ile mna majina na maradhi ya wagonjwa ambao hawajui hata kwamba kuna kitu kiitwacho Node.js. Nikimfanyia kijana huyu wepesi wa kukaa alipo, ni nani ninayemhurumia, na ni nani ninayemhatarisha? Huruma inayomwona aliye mbele yako tu ni nusu ya huruma.

Basi nilifanya hivi. Nilitoa toleo jingine siku hiyo hiyo, bila zile alama, nikamwomba radhi. Kisha nikaandika tangazo: Node.js 14 itaachwa baada ya miezi sita, katika toleo ambalo namba yake ya kwanza itabadilika. Nikaeleza sababu, na hatua za kuhama moja baada ya moja. Miezi sita ilipotimia nikaiacha, wala sikuongeza hata siku.

Wiki moja kabla ya siku hiyo nilimwandikia yule kijana kumkumbusha. Akajibu kwamba walikwisha kupata kompyuta nyingine, na kwamba kuhama kulimchukua Jumamosi nne. Hakunishukuru, nami sikutarajia. Jumamosi zilikuwa zake.

Linalonikosesha raha hata leo ni jambo jingine. Yeye alijua kuandika barua, na alijua wa kumwandikia. Wangapi walikwama usiku ule wasiandike? Kuwarudia siwezi, kwa kuwa siwajui. Ninachoweza ni kuiangalia vizuri ile namba ya kwanza kila ninapotaka kutoa toleo, na kutotoa toleo usiku nikiwa na usingizi.