Ramadhani 19: Unachuma Huku, Zaka Uitoe Wapi?



Wengi tunaosoma ujumbe huu hatuishi tulikozaliwa. Huyu katoka Pemba yuko Dar, yule katoka Lamu yuko Mombasa, na vijana wetu wengine wako Maskati na Doha. Mtu akihama, kipato chake kinahama naye. Basi kila Ramadhani swali linarudi: Zaka yangu niitoe hapa ninapochuma, au niitume nyumbani?

Kwanza tuliweke sawa jambo moja. Ile pesa unayomtumia mama kwa simu kila mwezi, si Zaka. Kumtunza mzazi asiyejiweza ni wajibu wako tayari, na deni moja halilipwi kwa pesa ya deni jingine. Ina thawabu kubwa, lakini usiihesabie humo. Ama dada au mjomba fukara ambaye si wajibu wako kumlisha, huyo anapewa Zaka, na juu yake unapata ujira wa kuunga udugu.

Sasa tuje kwenye mahali. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal Yemen, alimwelekeza kuwa Zaka itolewe kwa matajiri wa kule na irudishwe kwa mafukara wa kule kule. Imepokewa pia kwamba zama za Umar (r.a.) Muadh alipeleka sehemu ya Zaka Madina, na Umar hakupendezwa, mpaka Muadh alipoeleza kuwa kule hakubaki wa kupewa. Ndiyo maana kwa Mashafii asili ni Zaka ibaki pale mali ilipo. Mahanafi wameruhusu kuihamisha kwa jamaa mwenye haja, au penye dhiki zaidi.

Utasema, "Sheikh, kijiji kimenilea, leo kimebaki na wazee tu. Nikisahau?" Hapana, usikisahau. Haki yao ipo. Lakini mali hukuichuma hewani. Wapo wateja wako, wapo waliokubebea mizigo, yupo mlinzi anayekesha getini kwako na pengine hujui amefuturu nini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una miaka kumi hapa na bado unajiita mgeni! Faida ya mji unaila, shida za mji unasema si zako?

Basi leo kabla ya futari chukua karatasi. Kama mali yako imefika nisabu na kutimiza mwaka, andika asilimia 2.5 yake, uanze na mafukara wa hapo ilipo. Chini yake andika sadaka ya nyumbani, itoke kwenye kilichobaki. Kama huko kuna dhiki kubwa zaidi, muulize sheikh wako kwanza, usijikatie hukumu. Na Zakatul-fitri itoe pale litakapokukutia jua la mwisho wa Ramadhani likizama.

Allah atutakabalie swaumu zetu, na atubarikie riziki zetu popote tulipo. Amin.

Wabillahi tawfiq.