Kisu Kinachotosha

Muuza visu anayeijua kazi yake hakuulizi una pesa ngapi, wala hapimi misuli ya mkono wako kwa macho. Anakuuliza unakata nini. Swali ni fupi, lakini wengi hukwama hapo, maana kulijibu ni kueleza siku zako zinavyokwenda: unakula nini, unaishi wapi, nani anakutegemea. Mpwa wangu alikwama hapo hapo. Alitaka khukuri, kile kisu cha Nepal chenye mgongo uliopinda kuelekea mbele, na kichwa chake kilikuwa kimejaa vipimo: inchi 10 au 13, chembamba au kipana, mpini wa mbao au wa pembe. "Mjomba, wewe ungechukua kipi?" Nilimwambia twende tukale Kenyatta Market, tuongee tukiwa tumekaa.

Khukuri yenyewe inastahili kutazamwa kwa heshima. Uzito wake haukai karibu na mkono. Umesogezwa mbele, pale chuma kinapopanuka kabla ya ncha, ili pigo likishaanza chuma kijishushe chenyewe. Mpindo nao unayafikisha makali kwenye mti kwa mshazari, yakachanja huku yakipasua. Wahunzi wa Nepal, watu wa jamii ya Kami, huifua kwa springi kuukuu za malori, kisha humwaga maji ya birika kwenye makali peke yake. Makali yanakuwa magumu, mgongo unabaki laini na hauvunjiki kwa kishindo. Nikifikiria hayo namwona fundi wa jua kali wa Kamukunji, ambaye naye chuma chake kimetoka kwenye gari lililochakaa. Na nikilitazama sime la Mmaasai, linavyonenepa kadiri linavyokaribia ncha, naona wahunzi ambao hawakuwahi kukutana wakifika pamoja kwenye jibu moja, kwa sababu mkono wa binadamu ni ule ule, na mti mgumu ni mgumu popote.

Maumbo yake ni mengi. Sirupate ni nyembamba na nyepesi, inakwenda haraka. Budhune ni pana na nzito, ya kuni na matawi. Ile ya askari Wagurkha ina bapa la inchi 10 hivi. Lakini kilichonishika mimi ni kitu kidogo ambacho matangazo hukipita upesi: nyuma ya ala kuna visu viwili vidogo, karda yenye makali kwa kazi za vidole, na chakmak butu ya kunyooshea makali ya kile kikubwa. Kisu kinachosifiwa duniani kwa kufanya kila kazi kinatembea na wasaidizi wawili.

Kenyatta Market iko magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi, kati ya Golf Course, Ngumo na Kibera, karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Ukiingia, wasusi wanakuwahi kabla hujatazama huku wala kule, wanakuuliza unataka mtindo gani, na kwenye vidole vya mmoja wao kuna wembe wa kupunguzia ncha za nywele za kusukia. Ukipita hapo unakutana na moshi wa nyama choma. Tuliketi karibu na meza ya kukatia, na nikamwomba mpwa wangu aache simu, atazame mikono ya mchomaji.

Mbavu za mbuzi zilitua kwenye ubao zikiwa bado zinatoa sauti. Mchomaji alichukua kisu kirefu, mpini wake umezungushiwa raba ya tyubu ya baiskeli, akakilaza kati ya ubavu na ubavu bila kukandamiza, akitafuta pale nyama inapokubali. Alipofika kwenye kiungo alikiinua kisu, akapiga mara moja. Kisha akakiweka kando. Akachukua kingine, chembamba, ambacho bapa lake lilikuwa limeliwa na kunolewa hadi likabaki upana wa kidole, akaanza kuitoa nyama iliyoshika mfupa. Vitunguu na nyanya hakuvigusa. Kachumbari ilikuwa ya kijana mwingine, na kisu cha kijana yule kilikuwa kifupi kuliko vyote. Mpwa wangu akauliza kwa nini asitumie kile kikubwa mpaka mwisho, kwani kilikuwa kikali vya kutosha. Mchomaji hakuinua macho. "Hicho ni cha mifupa, ndugu yangu. Ukikishika kwa kazi ndogo, kinakuharakisha."

Neno hilo, kinakuharakisha, nimeishi nalo tangu siku ile. Tumezoea kudhani kwamba nia ni yetu, na kisu kinatii tu. Mchomaji alikuwa anasema kisu nacho kina mwelekeo wake. Chuma kizito kinadai pigo. Ukikipeleka kwenye nyama laini, mkono unapiga kabla jicho halijaona. Chuma kirefu kinadai nafasi, na wewe unaanza kuwaona walio karibu nawe kuwa wamekubana. Kwa hiyo anayechagua ukubwa wa kisu anachagua pia mwendo atakaokwenda nao. Ndiyo maana ule msemo wetu kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama haunitoshelezi. Makali peke yake hayatoshi. Kuna kisu kikali kinachoiharibu nyama ile ile kinayoikata, kwa kuwa ni kikubwa mno kuisikia.

Wagiriki wa kale walilijadili jambo hili wazi. Katika Jamhuri ya Plato, kitabu cha kwanza, Sokrate anamwambia Thrasymachus kwamba tawi la mzabibu unaweza kulikata kwa jambia, au kwa kisu cha kuchongea, au kwa vyuma vingine vingi, lakini hakuna kitakachofanya vizuri kama kile kilichofuliwa kwa kazi hiyo. Kazi ya kitu, anasema, ni ile ambayo kitu hicho pekee kinaiweza, au kinaiweza kuliko vingine. Mgema wa pwani angemwelewa mara moja. Kotama yake iliyopinda haifai kwa kuchinja wala kufyeka, ila juu ya mnazi, kwenye kole, hakuna upanga wa mfalme unaoishinda. Aristotle naye, mwanzoni mwa Siasa, anasema maumbile hayafanyi ubahili wa wahunzi wanaotengeneza kisu cha Delphi, kisu kimoja cha matumizi mengi. Kila chombo hukamilika kikitumikia kazi moja.

Nawaheshimu wote wawili, lakini hapo Aristotle simfuati. Bibi yangu hakuwa bahili. Panga lake lilifyeka, lilipasua kuni, lilimenya miwa, lilichimba shimo la mche wa mgomba, na sikukuu ikifika lilioshwa kwa maji ya moto likakata kuku. Lilikuwa moja kwa sababu kazi zote zile zilikuwa za mtu mmoja, ndani ya siku moja, kwenye shamba moja. Kila kovu la bapa lile lilikuwa habari ya nyumba yetu. Mjini tumegawana: mmoja anachinja Dagoretti, mwingine anakata kwenye bucha, mwingine anachoma, mwingine anakatakata nyanya, na mlaji hana kisu kabisa, anakula kwa vidole. Kisu cha kazi moja ni kisu cha watu wanaotegemeana. Kisu cha kazi zote ni cha mtu ambaye maisha yake hayajakatwa vipande. Hakuna kati ya hivyo kilicho duni, ila kila kimoja kinataka mtu wake.

Nikamtazama upya mpwa wangu. Anaishi chumba kimoja, anashinda mbele ya kompyuta akishughulikia kipande kidogo cha kazi ambayo mwanzo wake na mwisho wake haujui. Nilianza kuelewa kwa nini khukuri inamwita. Alikuwa anautamani mkono unaopasua kuni, ukawasha moto, ukakata kitunguu, ukajua kwamba chakula hiki nimekifikisha mimi. Hamu hiyo ni ya kweli, na yeyote anayeidharau hajawahi kuketi jioni akajiuliza leo amefanya nini. Lakini inchi 13 za chuma ukutani hazitaishibisha.

Kuna hamu nyingine pia, na hiyo nilimuuliza waziwazi. Khukuri imefika kwetu ikiwa na sifa za vita. Waingereza walianza kuwaandikisha Wagurkha jeshini mwaka 1815, na Novemba 1914, katika mapigano ya Tanga, walikuwemo ndani ya vikosi vya Kashmir vilivyoletwa kutoka India. Sifa hizo zimezaa masimulizi, kama lile kwamba khukuri ikichomolewa lazima ionje damu. Mama wa Nepal anayekata mboga kwa khukuri yake asubuhi anatosha kuonyesha kwamba hilo ni porojo. Hata hivyo porojo zinauza, na kijana anayenunua kisu kikubwa kwa ajili ya porojo ananunua woga wake mwenyewe, au fahari yake, halafu anautafutia kazi.

Hapo sisi Wakenya hatuna ruhusa ya kuzungumza juu juu. Kutoka meza tuliyoketi unaweza kutembea kwa miguu hadi Kibera. Huko na kwingineko, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizuka na nchi ikahesabu maiti. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilitaja vifo 1,133, wengine kwa risasi, wengine kwa moto, mishale na mapanga. Mapanga yale hayakufuliwa kwa kazi ile. Yalikuwa ya kufyekea nyasi na kukatia kuni, urefu ule ule, mipini ile ile, na asubuhi moja yakasimama barabarani kuuliza watu majina. Chuma hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni jibu la swali la muuza visu. Sheria yetu ya adhabu inaonekana kulielewa hilo, kwa kuwa inapoharamisha kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kuwatia watu hofu, inauliza kama una sababu halali.

Nilimwonyesha upande wa hospitali. Mle ndani, pengine saa ile ile, daktari alikuwa ananyoosha mkono na kutaja namba. Visu vya upasuaji vinachaguliwa hivyo: 10 kwa kupasua ngozi, 11 yenye ncha kali kwa kutumbua jipu, 15 ndogo kwa mahali pembamba. Hakuna fahari katika namba hizo. Mwili wa mtu uko chini ya taa, na hapo hakuna anayetaka kisu kikubwa kuliko kinachohitajika. Sijui kipimo kingine cha ukubwa kilicho bora kuliko hicho: kisu kinachofika mwisho wa kazi na kuishia hapo.

Wachina wana kisa cha zamani, katika kitabu cha Zhuangzi, cha mpishi aitwaye Ding. Mpishi wa kawaida hubadilisha kisu kila mwezi kwa sababu anakatakata mifupa. Mpishi mzuri hubadilisha kila mwaka. Ding ametumia kimoja miaka 19, na makali bado yako kama yametoka kwenye kinoo, maana anakipitisha pale penye mwanya kati ya viungo. Nakipenda kisa hiki, lakini mchomaji wetu alinifundisha upande wake wa pili. Nilimuuliza kile kisu chembamba alikinunua wapi. Akacheka. Kilikuwa kikubwa kama kile cha mbavu, alisema, ila kimenolewa mpaka kikawa hivi, na kikipungua tena atampa kijana wa kachumbari. Kwa hiyo ukubwa ule ambao mpwa wangu alikuwa anausumbukia usiku na mchana ni wa siku ya kwanza tu. Kisu kinachofanya kazi kinapungua. Kisichopungua hakijatumika.

Ndipo mpwa wangu akasema, kwa mara ya kwanza, anakata nini. Dada yangu, mama yake, ana shamba Kitui. Ua wa michongoma umezidi kuingia njiani, kuna mkaratusi ulioanguka, na kila Desemba anatafutwa mtu wa kulipwa aje apasue kuni. Anataka mwaka huu azipasue mwenyewe. Hapo mazungumzo yakawa mepesi. Nilimwambia sirupate aiache, atazame bapa pana lisilozidi inchi 10 na kitu, mpini wa mbao kwa kuwa pembe hupasuka kwenye ukavu wa kule, na anunue tupa siku hiyo hiyo. Akauliza kama panga la kawaida lisingeifanya kazi hiyo hiyo. Kwa michongoma, lingefanya vizuri zaidi, kwa sababu linafika mbali. Kwa mkaratusi, khukuri ingemsaidia, ingawa shoka lingevishinda vyote viwili. Tukakubaliana Jumamosi apite Kamukunji ashike mapanga na mashoka mkononi, awaulize mafundi wenyewe, na ampigie mama yake simu ajue gogo lile lina unene gani, kabla hajaagiza chochote kutoka Nepal.